Izuiwe Oili Chafu, Isizuiwe Spana

Neno “gereji bubu” limekwisha kuota mizizi katika vinywa vya maofisa wa halmashauri zetu. Hutajwa vikaoni, hutangazwa kwa vipaza sauti, na kwa miaka mingi sasa Dar es Salaam na miji mingine ya nchi imeona kampeni baada ya kampeni za kuwaondoa mafundi wa magari wafanyao kazi katika nyua za nyumba za kuishi, kando ya njia na chini ya miembe. Neno lenyewe lina uonevu kidogo, kwani hatujui ni ububu gani uliopo mahali ambapo bodi ya gari hunyooshwa kwa nyundo tangu alfajiri. Lakini maana yake yaeleweka: ni gereji isiyo na leseni, isiyo na kiwanja kilichopangwa, na isiyojulikana katika daftari la halmashauri.

Tunalileta jambo hili leo kwa ajili ya Mwera. Kata hiyo ya Wilaya ya Pangani iko ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, katika njia iendayo Mkwaja na Saadani, na ndiko msafiri anakoacha njia kuu akielekea pwani ya Ushongo. Kwa vizazi vingi ilikuwa nchi ya minazi, mkonge na vumbi. Barabara ya lami kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja la Mto Pangani lenye urefu wa mita 525, ni mradi uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2019, ukiwa sehemu ya njia kuu ya mwambao itokayo Malindi nchini Kenya. Barabara ya namna hiyo huleta malori, mabasi na watalii. Huleta pia pancha, breki zilizokwisha na injini zilizochemka, na kwa hiyo huleta mafundi. Na kama tulivyoona kwingine, amri za mjini nazo husafiri juu ya lami hiyo hiyo. Tungependa zifike Mwera zikiwa zimefikiriwa upya.

Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani kuwa haya hayawahusu. Unguja nako kuna Mwera, nje kidogo ya mji, mahali ambapo shamba na mji vimekwisha kuingiana. Mwera hizi mbili zina jina moja na bahari katikati yake, na magari ya pande zote mbili aghalabu ni yale yale, yaliyotumika Japani kabla ya kushushwa katika bandari zetu. Lakini ardhi yake si moja, na jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko wanavyodhani baadhi ya watungaji wa kanuni. Tutalirudia.

Kwanza yafaa tuseme kutengeneza gari nyumbani maana yake ni nini katika kijiji cha namna ya Mwera. Ofisa asomaye maneno hayo huona picha ya mjini: nyumba zimebanana, uchochoro umezibwa na gari bovu, jirani ana mtoto mchanga na ukuta wake unatikisika. Kijijini mambo ni mengine. Mwenye gari ni mmoja katika nyumba nyingi, na gari lake ni kama la wote. Hubeba nazi kwenda sokoni, mgonjwa kwenda hospitali, maiti kwenda maziarani na bibi arusi kwenda kwa mumewe. Likiharibika, duka la vipuri liko mjini Pangani au Tanga, na kati ya miji hiyo na Mwera kuna mto. Kwa miaka mingi mto huo ulivukwa kwa kivuko, na kivuko kina saa zake, kina foleni yake, na kina siku zake za kuugua. Gari lisilotembea haliendi kivukoni. Fundi ndiye aendaye kwenye gari, na akifika hulikuta uani, limeinuliwa juu ya mawe. Kumwambia mwenyeji huyo kwamba ni kosa kufungua injini nyumbani kwake ni sawa na kumwambia aliache lioze.

Na mvuvi je? Kila alfajiri katika pwani hii na visiwani utamkuta mtu ameiegemeza mashine ya boti kwenye mnazi, anasafisha plagi na kutazama propela. Oili ni ile ile, spana ni zile zile. Hatujapata kusikia kampeni ya kuwaondoa hao, na tunaomba isianzishwe.

Tena ufundi wa vyuma si mgeni katika sehemu hizi. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanga ijulikane duniani. Shamba la mkonge si majani peke yake. Lina mashine ya kusindika ambayo wafanyakazi waliiita korona, lina vitoroli na reli zake nyembamba, lina matrekta na malori, na vyote hivyo havisimami bila karakana. Kijana aliyeanza kwa kushika taa na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa aliishia kuyajua maradhi ya injini kwa sikio. Bei ya katani ilipoporomoka, nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, karakana nyingi zilinyamaza lakini mikono haikusahau. Wako katika mwambao huu waliorithishana spana kama wengine walivyorithishana nyavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vipuri vilipokuwa adimu nchini kwa uhaba wa fedha za kigeni, mafundi wa namna hiyo ndio walioyaweka magari barabarani, wakikata bushi katika tairi kuukuu na kuchomelea kilichostahili kutupwa. Wakati huo hapana aliyewauliza kama uwanja wao umepimwa.

Baada ya kusema hayo, hatutaki kuwa miongoni mwa wale wanaoyafunika madhara kwa shuka la unyonge. Madhara yapo, na ofisa wa afya anayeyalalamikia ana haki.

Oili inayomwagwa kutoka katika injini si ile iliyotiwa. Imekwisha kuchukua masizi, chuma kilichosagika na sumu nyingine zitokanazo na kuungua kwa mafuta. Wataalamu wa mazingira husema kuwa galoni moja ya oili chafu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji. Gari dogo hubeba lita nne hivi, yaani galoni moja. Basi fundi mmoja akimwaga oili ya gari moja kwa juma, na akaimwaga shimoni nyuma ya nyumba, hesabu ya mwaka mzima haihitaji mwalimu. Sehemu nyingine ya oili hiyo hupakwa nguzo na mbao kuzuia mchwa, kazi ambayo wazee wa majahazi waliifanya kwa sifa ya papa. Lakini hiyo ni kidogo. Nyingi huishia ardhini.

Betri ni mbaya zaidi, na hapo hatuna mzaha. Katika Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Uchunguzi ulionyesha kuwa sababu ilikuwa madini ya risasi yaliyotoka katika betri za magari, zilizokuwa zikivunjwa na mchanga wake kuchekechwa katika makazi yao. Hiyo ilikuwa kazi ya uani. Mtu yeyote anayepasua betri nyumbani ili ayeyushe risasi iliyomo azuiwe leo, kijijini na mjini, bila ya kusubiri kikao. Rangi ya kupuliza na thina nazo si vitu vya kupuliziwa dirishani mwa watu waliolala, na nyundo ya bodi haina sababu ya kulia usiku.

Hapa ndipo Mwera mbili zinapoachana. Unguja hunywa maji ya ardhini. Visima na mapango ndiyo hazina yake, na sehemu kubwa ya kisiwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, ambalo kinachomwagwa juu yake hakikawii kufika chini. Hakuna mto mkubwa wa kukimbilia maji hayo yakiharibika. Kwa hiyo wakuu wa manispaa za Unguja wakiwa wakali juu ya kila tone la oili, hata la mtu atengenezaye gari lake mwenyewe uani kwake, sisi hatutawalaumu. Tutawalaumu tu wakiwa wakali juu ya oili bila ya kumwonyesha mtu pipa la kuitia. Mwera ya Pangani ina nafasi kubwa zaidi na nyumba zilizotawanyika. Hatari yake iko karibu na kisima, bondeni na ukingoni mwa mto. Huko inatosha kanuni iseme fundi akae umbali gani kutoka kwenye maji. Kuinakili kanuni ya upande mmoja na kuigonga mhuri upande wa pili ni uvivu wa ofisini.

Nchi tajiri nazo zimehangaika na jambo hili. Kanuni za Wilaya ya Sacramento, katika Jimbo la California huko Marekani, zinaruhusu matengenezo madogo nyumbani. Lakini zinakataza kutumia vifaa visivyo vya kawaida katika nyumba ya kuishi, zinakataza kulitengeneza gari la mtu asiyekaa katika nyumba hiyo, na zinakataza kazi ifanywayo nje ya banda lililofungwa iwapo gari litalala bila ya kutembea kwa zaidi ya saa 24. Labda huko zina maana yake, kwa kuwa kila mtaa una gereji na duka la vipuri halipo mbali. Tujaribu kuivika Mwera vazi hilo. Gari la shemeji ni la mtu asiyekaa humu, basi lisiguswe. Kipuri kimeagizwa Dar es Salaam na kitakuja na basi la keshokutwa. Saa 24 zimekwisha, faini imeingia. Banda lililofungwa hata nyumba ya kulala haina. Na nani atakayekata shauri kuwa kifaa fulani si cha kawaida nyumbani? Katika nyumba ya fundi, jeki ni ya kawaida kama kinu.

Kuna wanaoamini kuwa leseni ndiyo dawa ya yote: anayo, basi ni salama, hanayo, basi ni mharibifu. Wasomaji wa Mombasa wanajua ubaya wa imani hiyo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri za magari kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, baada ya kuwaachia wakazi wake sumu katika damu. Hicho hakikuwa gereji bubu. Kilikuwa kiwanda chenye kibali, chini ya mpango wa serikali wa kutengeneza bidhaa za kuuza nje. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wananchi hao walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na ikazibebesha taasisi za serikali sehemu ya lawama. Shauri hilo liliendelea hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 iliwapa ushindi wakazi. Hatusemi leseni haifai. Twasema kwamba ofisa mwenye siku moja tu ya ukaguzi afadhali aitumie kutazama mahali oili inapokwenda kuliko kutazama karatasi iliyobandikwa ukutani.

Sheria zetu zenyewe, tukizisoma vizuri, zinatoa njia. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo, lakini inaitaka kwanza iwatangazie wakazi nia yake na kuyapokea maoni yao, kisha sheria hiyo ipate idhini ya Waziri. Halmashauri ya kijiji nayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Hayo si mapambo. Kanuni ya kutengeneza magari Mwera iandikwe baada ya kujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, mafundi wakiwapo, wenye magari wakiwapo, na hasa akina mama wanaochota maji wakiwapo, kwani wao ndio wanaojua kisima kipi kinanuka. Tangazo lililobandikwa ubaoni Pangani mjini, ng'ambo ya mto, halihesabiki kuwa limewafikia watu wa Mwera.

Kanuni hiyo isianze kwa kukataza. Imwache mwenye gari, au jirani yake, au fundi aliyeitwa, abadili breki, plagi, tairi, filta na hata injini nzima ndani ya ua wake mchana, maadamu njia haikuzibwa. Imzuie kila mtu, mwenye leseni na asiye nayo, kumwaga oili na tindikali ardhini. Upulizaji wa rangi na unyooshaji wa bodi kwa biashara, ambazo ndizo kazi zenye kelele na mvuke, zipelekwe mbali na nyumba. Pipa la oili chafu liwekwe pahali pa wazi, lenye kifuniko, na halmashauri iseme nani atakuja kulichukua na siku gani. Pipa lisilochukuliwa litafurika mvua za masika zikija, na hapo tutakuwa tumeikusanya sumu mahali pamoja kwa gharama ya serikali.

Adhabu nayo itazamwe. Desturi ya mgambo kubeba vifaa vya fundi na kuvirundika katika ua wa ofisi ni mbaya kuliko faini yoyote. Mtu aliyetozwa faini akiwa na spana zake ataifanyia kazi. Aliyenyang'anywa spana hana njia ya kuilipa, na vijana wawili au watatu waliokuwa wakijifunza kwake hurudi barazani. Vijana hao wana haki ya kutazamwa na serikali kwa jicho jingine. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na Mamlaka ya VETA kwa sheria ya mwaka 1994. Vyombo vyote viwili viko Tanga mjini. Serikali imeanzisha pia mpango wa kurasimisha ujuzi, ambao fundi aliyejifunza mitaani hupimwa na kupewa cheti. Tungefurahi kuona gari la VETA likivuka mto kabla ya gari la mgambo.

Limebaki jambo la mahali, na hili ndilo la haraka. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa chuma wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifanya kazi juani, akaagiza wajengewe mabanda pale pale walipokuwa. Hakuwapeleka porini. Huko Kumasi nchini Ghana, mafundi wa magari wamekusanyika kwa miongo mingi katika eneo la Suame, na mwaka 1980 chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha mji huo kikafungua hapo kituo cha kuwafunza na kuwapa mashine. Suame imekuwa mji wa spana, ingawa udongo wake nao umelowa oili, jambo linaloonyesha kuwa kuwakusanya mafundi peke yake hakutoshi. Kwetu, wafanyabiashara wadogo walipohamishwa katika miji mwaka 2021, malalamiko makubwa yalikuwa kwamba baadhi ya maeneo waliyopewa yalikuwa mbali na wateja, na wengi wao walirudi walikotoka.

Fundi wa magari hawezi kuhamishiwa mahali ambapo magari hayapiti. Kwa hiyo kiwanja cha mafundi wa Mwera lazima kiwe kando ya barabara kuu au jirani na njia panda ya Ushongo, chenye nafasi ya lori kugeuka, mbali na kisima, na chenye mtaro usioelekea bondeni. Kiwanja cha namna hiyo ndicho pia kinachotamaniwa na wenye vituo vya mafuta, wenye nyumba za wageni na wanunuzi wa ardhi kutoka mijini, ambao hawasubiri vikao. Tunaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Pangani ikae na serikali ya kijiji, ikipime na ikiandike jina lake katika ramani. Mafundi wenyewe wako tayari kujenga mabanda yao kwa makuti. Wanachohitaji kutoka serikalini ni mipaka ya kiwanja hicho, kabla hakijauzwa.